Kijisanduku cha DNA na Pasi Yangu

Wiki nzima nimekana, sasa nakiri: ni mimi niliyeizima kompyuta ya binti yangu Chebet. Ilikuwa siku ya tatu ikipanga, peke yake, jinsi nyuzi za DNA zitakavyojikunja kuwa kijisanduku kidogo mno cha kubebea dawa. Shahada yake ilitegemea kazi hiyo. Lakini tokeni za stima zilikuwa zinaisha, na gauni langu la kanisani halijapigwa pasi. Nikamwambia stima ilipotea Nakuru nzima. Akaibeba kompyuta hadi chuoni Njoro, akilia.

Jana akanipigia simu. "Mathe, tulia. Programu huhifadhi kila hatua. Imeendelea ilipoachia, na kijisanduku kimekubali."

Nikapumua, nikamshukuru Mungu.

"Ila imeandika pia kwamba iliuliza, 'Una hakika unataka kuzima?' Mathe, tangu lini stima ikipotea hujibu 'ndiyo'?"