Kisanduku cha Uraia

Kuandika programu nilijifunzia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, katika chumba chenye kompyuta chache, ambako umeme ukikatika tulikuwa tunabaki kutazamana tu. Kwa hiyo ofisi moja ya mjini, mtaa wa Area 18, iliponiita niiandikie ukurasa wa kutafutia wafanyakazi, nilijiona nimefika. Ofisi hiyo ilipeleka watu kwenye viwanda na maghala ya Kanengo. Wenye viwanda walitaka kuchagua ufundi, wilaya na lugha kwenye fomu ya mtandaoni, wabonyeze, watu watokee.

Niliandika kwa Python, lugha ya kompyuta. Ukichagua mshonaji, programu inaongeza sharti kwenye swali linalopelekwa kwenye hifadhidata. Ukichagua wilaya ya Dowa, inaongeza jingine. Ulichoacha wazi, inakiruka. Mwanzoni, mtu asipochagua chochote, swali lilikuwa linaishia hewani na ukurasa mzima unakwama. Nilihangaika nalo mpaka likakaa sawa: asiyechagua kitu, aonyeshwe watu wote. Nililipenda sana jambo hilo. Watu wote.

Miongoni mwao alikuwemo dada yangu mkubwa, mshonaji tangu tulipokuwa kwetu Uvira, kabla ya ukimbizi. Kiwanda kimoja cha sare kilimpata kwenye ukurasa wangu, kikamwita kwa majaribio. Alishona, wakamsifu, kisha wakamwomba kitambulisho. Akatoa karatasi yake ya ukimbizi. Wakamwambia zikomo, yaani asante, watampigia simu. Hawakupiga.

Haikupita wiki, bosi wangu akaniita.

“Wateja wanalalamika,” alisema. “Wanapoteza muda na watu wasio na kibali cha kazi. Ongeza kisanduku cha uraia. Fomu ikifunguka, kiwe kimeshatiwa alama ya Mmalawi.”

“Tukiache wazi, mteja achague mwenyewe.”

“Hapana. Kiwe na alama.”

“Bwana, hata mimi sina kibali, na ninakufanyia kazi.”

Akatabasamu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza.

“Wewe ni tofauti,” alisema. “Wewe hakuna anayekuona.”

Sikuandika. Niliiacha kompyuta yake mezani, nikaondoka. Baadaye mfanyakazi mwenzangu alinipigia kunieleza kuwa ameletwa mtu mwingine, na amemaliza kazi kabla chai yake haijapoa. Nilimwamini. Nilikuwa nimeupanga ukurasa ule vizuri mno. Kuongeza sharti jipya ilikuwa kazi ya mstari mmoja tu. Ustadi wangu mwenyewe ndio uliomrahisishia.

Kambini nilimkuta dada akishona mapazia ya kanisa. Nikamsimulia yote, nikitegemea atanishukuru.

“Na ile sharti, balisha kuiweka?” akauliza, bila kuinua kichwa.

“Wameiweka.”

“Sasa we umezuia nini?”

Nikaokota uzi ulioanguka sakafuni, nikamrudishia.

“Ungeandika tu, mudogo wangu. Mi kazi singeipata, lakini we ungekuwa nayo. Sasa tuko babili hapa, bote bila kitu.”

Akageuza kitambaa, akaendelea kukanyaga mashine. Nilitaka anitetee, hata kwa uongo. Nilikaa mlangoni nikimchukia yule bosi, nikiuchukia na ule mstari ambao sikuuandika. Na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimchukia hata dada yangu, kwa sababu alikuwa amesema kweli.