Kadi ya Mama Iliyokufa

Nilipokuwa mwalimu Masasi, mama alikuwa kwenye bima yangu. Akiumwa kule Newala, anafungua fundo la kanga, anatoa kadi, anatibiwa. Majirani walimwonea gere, naye alipenda waone.

Nikapata kazi Ulaya, ya kutunza wazee. Siku ya kuaga wajomba walikaa mbele, maana kwetu mtoto ni wa wajomba. Nikawatajia mshahara wa kwenye mkataba, wote, bila kusema kodi na bima vinakatwa kwanza. Nani anaaga kwa kutaja makato? Vigelegele vikapigwa. Mama akaninong'oneza, "Na kadi yangu?"

"Mama, bima ya kule ni kiboko. Itakutibu ukiwa hapa hapa."

Sikuwa nadanganya. Kwetu bima ya mfanyakazi inabeba na wazazi; nikadhani duniani kote ni hivyo. Mwezi wa kwanza nikaona karibu theluthi ya mshahara imekatwa. Nikauliza ofisini kuhusu mama. Karani akanitazama kwa huruma: mzazi aliye nchi nyingine hahusiki. Na kadi ya zamani ilikufa siku nilipoacha ualimu.

Hapo ndipo uongo wangu ulipoanza, kwa sababu nilinyamaza. Kila nilipopiga simu niliongelea theluji.

Mama akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akaenda hospitali na kadi yake, dirishani wakamrudishia. Hakuniambia. Akauza korosho kwa walanguzi wa kangomba, zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Pesa ikatosha jicho moja. Mwaka huohuo nilimshika mkono bibi mmoja wa kizungu kumpeleka kupasuliwa macho. Hakulipa hata senti. Kodi yangu ilikuwa imo humo, nami nikajiona mtu wa maana.

Mambo haya ya mama niliyajua niliporudi likizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Aligeuza shingo yote ili anione kwa jicho lililopona. Lile jingine lilikuwa limechelewa kutibiwa, limepofuka.

Nikamuuliza kwa ukali, kana kwamba mwenye kosa ni yeye, kwa nini hakuniomba.

"Nilijua wafanyakazi mnakatwa mshahara," alisema. "Lakini ulitaja mshahara mbele ya wajomba zako. Ningelia shida, wangesema mwanangu mwongo."