Njia ya Nyuma ya Jiwe

Mwaka ule nilishindwa kukaa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize darasa la saba sikuwa na mahali pa kwenda asubuhi. Chama cha ushirika kilichoniajiri kupima pamba huko Sola kilikuwa kimepunguza makarani. Soko huria lilikuwa limeingia, na wanunuzi binafsi walikuja na magari yao hadi kwenye magulio. Nilirudi Bariadi, ambayo wakati huo ilihesabiwa bado chini ya Shinyanga, nikawa mtu wa kuamka kabla ya jogoo na kufagia uwanja ambao mke wangu alikuwa ameufagia jioni. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Utachimba shimo hapo unapozunguka," mke wangu alisema. "Angalau chagua mahali tunapohitaji choo."

Kampuni moja mpya ya pamba ilikuwa tayari kunichukua niwe wakala wake Kimali, upande wa Meatu. Walinipa sharti moja tu: wakala awe na baiskeli yake. Magulio ya kule yametawanyika, na mtu wa miguu angefika kwenye gulio la tatu wakati wakulima wamekwisha kumuuzia mwingine. Baiskeli niliyozoea ilikuwa mali ya chama, na niliirudisha pamoja na funguo za ghala. Zilibaki wiki tisa msimu ufunguliwe.

Kisha kampuni hiyohiyo ikatangaza mbio. Kilomita arobaini na mbili, kuanzia na kuishia uwanja wa mpira wa Bariadi, kupitia vijiji na vilima vya mawe vinavyouzunguka mji. Wa kwanza hadi wa sita wangepewa baiskeli mpya. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la vitenge, na nililisoma mara tatu nikiwa nimesimama juani. Kilichonishika ni ile sita. Kuwa wa kwanza nisingethubutu hata kuota, lakini kuwa wa sita ni jambo ambalo mtu anaweza kulipangia.

Sikuwahi kukimbia mbio za namna hiyo. Elimu yangu nyingi nimejipatia mwenyewe, kwenye vitabu nilivyookota au kuazima, na kwa bahati nilikuwa na kijitabu cha mafunzo ya michezo kwa walimu, kisicho na jalada, kilichoanzia ukurasa wa tisa. Nilikifuata kama kilivyo. Siku fupi, siku ndefu, siku ya kilima, siku ya kupumzika. Siku ya kupumzika ndiyo iliyonishinda.

Mtu mzima kukimbia peke yake porini alfajiri si jambo dogo kwetu. Anayekimbia hivyo anafuata ng'ombe walioibwa. Wiki ya pili mzee mmoja alitoka kwenye boma lake na fimbo mbili, akakimbia nami bega kwa bega karibu nusu kilomita kabla ya kuuliza.

"Wamepita wapi?"

"Kina nani, baba?"

"Wezi!"

"Hakuna wezi. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

Alisimama, akavuta pumzi, akanitazama kuanzia miguuni. "Lakini kukimbia unajua tayari," alisema, akarudi zake akiwa amekasirika.

Njia yote niliikagua mapema, kipande kwa kipande. Nilijua kuna vilima vinne, na kwamba cha tatu ndicho kibaya: barabara inapanda, inalizunguka jiwe kubwa kama nyumba ya ghorofa, kisha inashuka upande wa pili kuelekea kijiji cha ukweni kwangu. Hilo la ukweni nililipima pia. Nyumba ya wakwe iko ndani, mbali na barabara, na mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kutembea ovyo. Nikaliandika daftarini kuwa halina tatizo.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze kidogo. Mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Akimwona njiani, mmoja wao huacha njia. Hali chakula mbele yake, hampi mkono, na mambo yao hupitia kwa mtu wa tatu au nyuma ya ukuta. Hakuna chuki ndani yake. Mama mkwe wangu alinipenda, na kwa miaka kumi na miwili alinionyesha hivyo bila kunitazama.

Siku ya mbio tulikuwa kama themanini. Wengine walivaa raba, wengine katambuga za tairi, wengine pekupeku. Mimi nilikuwa na raba za turubai na bukta nyeusi iliyoishia katikati ya paja. Filimbi ilipopulizwa kundi zima liliondoka kama ng'ombe wanaosikia maji, nami nikabaki nyuma makusudi, kwa kuwa kijitabu kilisema hivyo. Kuona migongo ya watu sabini kulinitesa kuliko kilima chochote.

Kilima cha kwanza kiliwarudisha wengi. Wanawake waliokuwa wanachuma pamba kando ya barabara walisimama na magunia yao kiunoni, wakacheka.

"Karani! Mizani imekukimbiza?"

"Mwacheni, anawahi kupima!"

Juu ya kilima cha pili upepo ulinipiga usoni, na nikaiona nchi yote: mashamba yenye madoa meupe, mawe yamepangana kana kwamba mtu aliyaacha akikusudia kurudi, na mbali upande wa mashariki mbuga ya kijivu isiyo na mwisho. Niliitazama kwa hatua tatu au nne hivi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeanza kugonga ncha ya raba kila niliposhuka, na jasho lilikuwa limekauka likawa chumvi kwenye nyusi. Nilihesabu walio mbele. Kumi na moja. Katika bonde wakawa tisa, mmoja amekaa chini akishika tumbo, mwingine amepanda baiskeli ya shemeji yake, akitupungia mkono bila aibu.

Chini ya kilima cha tatu nilikuwa nimewapita watatu zaidi, nikawa wa saba. Wa sita alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, hatua kama thelathini mbele yangu, naye alikuwa amechoka. Nilisikia anavyoburuta mguu wa kushoto. Nilijua nitampata. Mwili ulitaka nimpate palepale, na nikauzuia, nikasema subiri mpaka jiweni.

Ndipo nikaona kituo cha maji. Kamati ilikuwa imewaomba kina mama wa kanisa wa vijiji vya njiani wasaidie, jambo ambalo halikuwa kwenye tangazo. Wanawake wanne walisimama pale barabara inapoanza kulizunguka jiwe, na ndoo na vikombe vya plastiki. Watatu sikuwajua. Wa nne alikuwa ameinama juu ya ndoo, na nilimjua kwa mgongo.

Nilikuwa na mapaja wazi, nimelowa, ninahema kama mbwa. Sikufikiri. Mkono wa kulia kulikuwa na njia ya mbuzi inayopita nyuma ya jiwe, nikaingia humo nikiwa nimeinamisha kichwa. Miiba ilinichana. Nilipanda kwa mikono mahali pamoja, nikateremka, nikatokea barabarani upande wa pili. Mbele yangu hakukuwa na mtu. Nikageuka, nikamwona mwalimu anatokea kwenye kona, nyuma yangu kwa hatua ishirini, anafuta maji kidevuni.

Kilomita kumi na mbili zilizobaki nilikimbia na hesabu kichwani. Nimempita kwa sababu alisimama kunywa maji, au kwa sababu njia ya mbuzi ni fupi? Alikunywa kikombe kimoja au viwili? Mimi nilipanda kwa mikono, hilo lilinichelewesha. Lakini kwa kiasi gani? Kilima cha nne sikumbuki jinsi nilivyokipanda. Niliingia uwanjani nikiwa wa sita, watu wakapiga vigelegele, na nilipopewa kipande cha kadibodi chenye namba sita nilikishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.

Mwalimu alifika muda mfupi baadaye. Alijilaza chini kwanza. Kisha akaja, akanisalimu kwanza.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba."

"Sina ugomvi na wewe. Lakini ulipotelea nyuma yangu, ukatokea mbele yangu. Nauliza tu."

"Ni kweli," nikasema. "Niliacha barabara."

Tulipelekwa kwenye meza. Alikuwapo mtu wa kampuni, mgeni kutoka Mwanza, na mwenyekiti wa mbio, mzee wa hapahapa. Nilieleza. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kabla sijamaliza.

"Amekutana na mkwe. Sasa angefanyaje?"

"Angepita, mzee," alisema mtu wa kampuni. "Sheria inasema barabara."

"Apite mbele ya mama mkwe na bukta ile? Wewe umeoa wapi?"

Watu waliosogea kusikiliza wakacheka, na mgeni naye akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Akasema basi, kama njia ya nyuma ni ndefu au ni sawa, karani hakupata faida, achukue baiskeli. Kama ni fupi, ni ya mwalimu. Mwalimu akakubali. Nikakubali. Tukapanda gari la kampuni sisi wanne, na baiskeli mojawapo ya zawadi ikiwa nyuma, ili gurudumu lake litupimie.

Kina mama walikuwa wamekwisha kuondoka. Nilifunga kitambaa kwenye spoki, nikaisukuma baiskeli kwa kuifuata barabara, mwenyekiti akitembea kando yangu na kuhesabu kwa sauti. Mizunguko mia moja tisini na tatu. Kisha njia ya mbuzi. Mtu wa kampuni alibaki garini kwa sababu ya jua, na mwalimu alikuwa amevua raba, anatazama malengelenge yake. Nyuma ya jiwe tulikuwa wawili tu. Mahali pa kupanda kwa mikono tuliibeba baiskeli na kuiviringisha juu ya mwamba. Tulipotokea nilikuwa na mia moja sabini na nne.

"Mimi sikusikia vizuri," alisema mwenyekiti taratibu. "Pale kwenye mwamba gurudumu liliteleza. Pima tena, mwanangu. Pima polepole."

Nilielewa alichonipa. Baiskeli ilikuwa mikononi mwangu, mpya, karatasi bado imezunguka fremu, na harufu ya grisi. Nilirudi mwanzo, nikapima tena polepole.

"Ngapi?"

"Mia moja sabini na tatu."

Alivua kofia, akajikuna. "Watu hurudia ili wapone, wewe umerudia ukajinyonga."

Nilikwenda garini nikasema tofauti ni mizunguko ishirini, barabara ndiyo ndefu. Mwalimu alinyanyuka na miguu yake mitupu, akanishika mkono kwa mikono miwili. Wakati wa kurudi alikaa nyuma ameikumbatia ile baiskeli, nami nilikaa mbele, nikitazama barabara ambayo nilikuwa nimeikimbia.

Msimu ulipofunguliwa kampuni ilimchukua mtu mwingine kwa Kimali. Nilikwenda ofisini kwao mara mbili. Mara ya kwanza niliomba niwe wakala wa miguu, wakaniambia wataniita. Mara ya pili sikuingia ndani, nilizunguka jengo nikaondoka. Baadaye nilipata kazi ya kupima nafaka kwenye duka moja huko Binza, na huko nilikaa miaka.

Lakini kabla ya hapo, kama wiki mbili baada ya mbio, mke wangu alikwenda kwao kumsalimia mama yake. Alirudi na kuku na unga, akaweka vitu chini, akabaki amesimama.

"Mama anauliza ulikwenda wapi."

"Lini?"

"Siku ile. Anasema alikuona ukiwa bado chini kabisa kwenye kilima. Akajaza kikombe, akakiweka juu ya jiwe kando ya barabara, akawaambia wenzake wasikiguse. Kisha akageuka akaelekea porini ili upite. Anasema alisikia vishindo vya mtu mmoja tu. Akasubiri vya pili."

"Alikuwa ameinama kwenye ndoo."

"Alikuwa anachota. Hayo maji yalikuwa yako."

Nilitaka kuuliza alisubiri kwa muda gani, aligeukia upande upi, alikuwa amekwisha kugeuka wakati mimi naingia kwenye miiba au bado. Maswali yalikuwa mengi, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kumuuliza mwenyewe.

"Mwambie nilikwenda haja," nikasema.

"Nimwambie mama yangu hivyo?"

"Basi mwambie sikuwa na kiu."

Mke wangu aliniangalia, akacheka, halafu akaacha kucheka. Alisema atamwambia kwamba nilimwona, nikamheshimu, na kwamba nasema wabeja, yaani asante, kwa maji. Nikasema hivyo ndivyo. Nikakaa. Kisha nikasimama, nikaenda kumfunga yule kuku, ingawa alikuwa amefungwa tayari.