Apolinaria Kabula na Kokoro la Ndugu Yake

Apolinaria Kabula binti Masanja bin Lukumani ni mtu wa Tura, upande wa chini ya reli. Lukumani, babu yake, alibeba pembe begani kutoka Kwihara hadi pwani mara nne, na safari ya nne alirudi na risasi pajani, akazikwa nayo. Masanja, baba yake, alichimba Bwawa la Lugongo kwa sururu, enzi Mwingereza alipotaka maji ya magarimoshi ya mvuke. Nyapara alipomchapa kiboko, Masanja alimtia sururu ya mguu, akafungwa miezi tisa, akatoka akarudi kuchimba palepale alipoachia. Apolinaria mwenyewe amezaa saba, amezika watatu, amemvunja mwanamume taya kwa kasia, na amechoma makokoro kumi na moja. Habari yangu ni ya lile la kumi na mbili.

Tumekaa dawati moja mimi na yeye tangu darasa la kwanza, na siku hizo nilikuwepo. Sikusimuliwa na mtu.

Asiyejua kokoro aelewe hivi. Ni wavu mrefu wa matundu madogo. Unazungushwa majini kwa mtumbwi, kisha watu sita au wanane wanauvuta nchi kavu kwa kamba. Haubakizi kitu. Mama perege huweka mayai na watoto wake mdomoni. Akifika mchangani anawatema, wanarukaruka kama chuya kwenye ungo, na wavutaji wanawakanyaga wakikimbilia wakubwa. Bwawa letu lilivutwa hivyo asubuhi na jioni, masika na kiangazi, mpaka mwaka 2016 tukawa tunakaanga perege wa ukubwa wa kiberiti, na siku nyingine hata hao hawapo. Wanaume wazima wakaenda Goweko kuchuma tumbaku za watu.

Ndipo kijiji kikakaa. Kuanzia Desemba mosi hadi Machi thelathini na moja, samaki wanapozaa kwa wingi, mtu asitie hata ndoano. Miezi mingine, nyavu za matundu ya inchi tatu kwenda juu. Kokoro marufuku mwaka mzima. Ikachaguliwa kamati ya ulinzi ya watu tisa, na mwenyekiti akawa Apolinaria.

Mwenye kokoro wa kwanza alimwambia, "Bibi, nenda kasonge ugali." Apolinaria akamtwanga kasia la shavu. Wiki sita yule bwana alikunywa uji kwa mrija, na wavu wake ukachomwa akiuangalia. Makokoro mengine kumi yakafuata njia hiyo hiyo, na si kwa maneno matamu. Lakini mwaka wa tatu perege walikuwa wanajaa kiganja na vidole vyake, na gari la mjini likaanza kuja na masanduku ya barafu.

Hilo gari ndilo lililomtia tamaa Valentino. Valentino ni mdogo wake Apolinaria, tumbo moja, na dada ndiye aliyemlea mgongoni mama yao alipofariki. Februari ya mwaka 2021, saa nne asubuhi, watu wakaja kusema Valentino anavuta kokoro mchana kweupe. Tukaenda. Tulimkuta na wanaume sita, maji magotini, kamba zimekaza.

"Shikamoo, dada," akasema, bila kuachia kamba.

"Sikuja kuamkiwa. Achia huo wavu."

"Siachii. Nimeahidi samaki mjini leo."

"Bwawa limefungwa, Valentino. Kwenye mkutano ulinyoosha mkono, nilikuona."

"Nilinyoosha kwa ajili ya wengine."

Apolinaria aliingia majini na gauni lake, akashika kamba kwa mkono wa kushoto, akaikata kwa kisu. Wavutaji wakaanguka chali wote kwa mpigo, na mwanamke mmoja ufukweni akacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu. Valentino alichukua panga kwenye mtumbwi akashusha. Yeye anasema alilenga kamba. Vidole viwili vya dada yake, kidogo na cha pete, vilidondoka majini. Nilivitafuta kwa mikono yangu nisivione, kambare wanawahi. Apolinaria hakupiga kelele. Alimvuta mdogo wake kwa shati, akampiga kichwa cha pua mara tatu, nikasikia mfupa ukivunjika, mpaka tukawaachanisha, maji yamekuwa mekundu kote na haikujulikana damu ipi ni ya nani.

Jioni ile ile wana wa Apolinaria, Gerson na wenzake, walikwenda kwa Valentino na michi ya kutwangia. Walimvunja mbavu mbili, wakatia moto bani lake la kukaushia tumbaku. Siku ya nne mtoto wa Valentino, anaitwa Masanja kama babu yake, alimvizia Gerson kwenye njia ya reli akamchoma chusa la samaki tumboni. Meno ya chusa yana ndoana. Yanaingia kirahisi, hayatoki. Gerson alipelekwa hospitali Tabora na mpini ukiwa umekatwa, chuma kingali ndani. Aliponea chupuchupu. Polisi walikuja, wengine wakakamatwa, wengine wakaingia porini na upinde.

Kamati ikafa hapo. Sita kati ya tisa wakarudisha vitambulisho, na msiwaite waoga. Mmoja alimwambia Apolinaria mbele yangu, "Mayu, mama yangu, mimi nikikamata wavu wa shemeji yangu, mke wangu atanipikia nini? Sumu?" Tura yote ni ndugu na wakwe. Ukinyang'anya wavu, unamnyang'anya mjomba wa mtu. Basi makokoro yakarudi majini, mawili kwa wiki moja, na zilikuwa zimebaki wiki tano bwawa lifunguliwe. Afisa uvuvi alikwisha kutuambia wazi: vifaranga vya mwaka huu vikizolewa, tutakaa miaka mitano tena tunatafuna mifupa ya viberiti.

Tarehe saba Machi Valentino akaja ufukweni na watu kumi na moja, kifua kimefungwa vitambaa, pua imepinda, kokoro jipya limerundikwa mchangani. Apolinaria akasimama mbele ya mtumbwi, mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko. Nyuma yake wanawe wana mapanga. Nyuma ya Valentino wana mapanga na mishale. Mimi nilishika mchi, sioni sababu ya kuficha.

"Leo utapita juu yangu," Apolinaria akasema.

"Nitapita," akasema Valentino.

Hapo akatokea Chilongani. Chilongani ni Mgogo, mfanyakazi wa gangi ya reli, miaka kumi na tano yuko Tura anakaza mataruma. Na Mgogo kwetu Wanyamwezi ni mtani. Babu zetu walipopita Ugogo na mizigo walidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila kisima, wakapigana nao, wakazikana nao, mwisho wakawekeana utani. Mtani atakutukana, atakupokonya kitu mkononi, nawe huna ruhusa ya kukasirika, sembuse kumpiga. Alikuja na spana yake ya reli begani, akapita katikati ya mapanga kama anakatiza sokoni, akakalia lile rundo la kokoro, akavua viatu.

"Wanyamwezi," akasema, "mizigo ya Waarabu imewaishia, sasa mnataka kubebana maiti?"

"Ondoka kwenye wavu wangu, Chilongani," Valentino akasema.

"Wavu wako upi? Hii ni hongo yangu. Babu yako alikunywa maji kisimani kwetu akaondoka bila kulipa, kwa hiyo nimekuja kudai."

"Nitakukata."

"Nikate. Halafu siku yako ya kuzikwa, nani ataingia kaburini kulala na kudai kuku wa mtani? Watakufukia hivihivi kama kinyesi cha paka."

Valentino aliinua panga kweli, si mchezo. Waliomrukia ni watu wake mwenyewe. Masanja mwanawe, aliyetoka porini siku ile, alimdaka mkono, panga likampasua bega, na huku damu inamtiririka hakuachia. "Baba, huyo mtani," akasema. "Baba, mtani huyo." Valentino alikaa chini mchangani akaanza kulia kwa hasira.

"Nyote mnanitazama mimi," akasema. "Muulizeni dada wavu wa Justus uko wapi. Uko darini kwake, matundu inchi moja na nusu. Mbona huo hauchomwi?"

Justus ni kitindamimba wa Apolinaria. Kijana akatazama miguu yake. Wavu ule ulikuwepo. Mimi niliujua tangu mwaka wa kwanza, nikanyamaza, kwa sababu ni mtoto wa rafiki yangu.

Apolinaria hakukana. Naye Chilongani akaanza kulikatakata kokoro kwa panga alilomchukua mtu mkononi, huku anawatukana wenye mishale mmoja mmoja, sura zao na mama zao, na wao wanalazimika kutabasamu. Akaomba kiberiti. Aliyempa ni mtu wa Valentino.

Nailoni ikiwa inaungua, Apolinaria alivuta kitambulisho cha uenyekiti shingoni kwa mkono wake mmoja.

"Njoo, mtani. Tulikosea tangu mkutano wa kwanza. Tumeweka ndugu amlinde ndugu, ndiyo maana tunachinjana. Kazi hii ni yako. Kijiji kitaandika kesho."

"Mimi nina reli yangu."

"Reli haizai. Ukiiacha siku moja utaikuta."

"Na mkinigeuka?"

"Kwa lipi? Huna shangazi hapa, huna shemeji. Nikikamata mimi, ni vita. Ukipokonya wewe, ni utani."

"Hongo yangu?"

"Kambare mmoja, Aprili mosi."

"Wawili."

"Mmoja, na kichwa nakula mimi."

Chilongani akavaa kitambulisho, kikamfika kitovuni, akaanza kuvaa viatu.

"Zimebaki siku ishirini na nne," Apolinaria akamwambia. "Usiulize ukoo wa mtu. Mtukane, mnyang'anye, choma. Jioni zunguka upande wa magugu, huko ndiko perege wanalelea. Na usianzie kwa Valentino, yeye ameshaunguziwa. Anzia kwangu. Justus atakushikia ngazi."