Samaki wa Shemasi

Mama Odile aliuza samaki katika soko la Kisangani tangu usichana wake, na nzi ndio waliomshtua kwanza. Asubuhi ile alifunua kikapu kilicholetwa na pikipiki kutoka njia ya Ubundu. Samaki walikuwa wabichi kabisa, lakini hakuna nzi aliyetua. Kwenye meza ya Ramla, jirani yake, nzi walijaa mpaka juu ya mihogo.

Akapasua mmoja tumbo. Nyama ilikuwa laini mno, ikabonyea chini ya kidole na haikurudi. Akafunika kikapu.

Mwenye samaki alikuwa Zacharie, shemasi wa kanisa lake, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigomba. Odile alimngojea mpaka akapita.

"Papa Zacharie, hii samaki, watu wanavuaka na nini?"

"Mama, wateja wako wanaulizaka samaki ilikufa namna gani?" Alitabasamu. "Bon. Uza tu."

Odile hakuuza. Alizika kikapu kizima nyuma ya nyumba, na nyumbani wakala pondu tupu, majani ya mihogo bila samaki.

Jumapili alimwendea pasta Gédéon. Pasta alimsikiliza huku macho yakimponyoka kuelekea juu, kwenye mabati mapya ya kanisa. Zacharie ndiye aliyeyatoa.

"Mama Odile, tuombe juu ya ile mambo."

"Tutaomba, pasta. Lakini Yesu alilisha watu samaki. Hakuwaua nayo."

Basi akaenda mwenyewe kutazama kijito cha njia ya Ubundu walikovuliwa samaki wale, yeye na Chimène na wanawake wengine wa kwaya. Walipita chini ya miti wakiimba, na walipofika kijitoni wimbo ukawafia midomoni. Chura hakulia. Hakuna kilichotikisa maji. Chupa za dawa ya kuulia wadudu wa shamba zilikuwa zimekwama katika mizizi.

Mvuvi mmoja Mwislamu, Lukumani, aliwakuta hapo. "Mimi nilikuwa nategaka migono ya fito," akasema. "Shemasi wenu analipa bei ya kutupa. Mwenye kutega analala njaa. Mwenye kumwaga sumu anajaza kikapu mara moja."

Wakaketi naye na wenzake, wakapatana. Wanawake wangelipa bei ya haki. Wavuvi wangetega migono katika kijito cha pili, samaki wadogo wangerudishwa majini, na kile kilichokufa kingeachwa kipumzike. Kisha wakaomba, Lukumani akiwa amefungua viganja, wanawake wamefumba macho. Hakuna aliyetaka kukaa pale zaidi.

Sokoni meza yao haikuchangamka, maana samaki wao walikuwa ghali. Asubuhi moja Odile alikuta mlangoni kwake chupa tupu ya dawa ileile, imeoshwa vizuri, imesimamishwa wima.

Ikafika sikukuu ya kubariki mabati. Samaki wa karamu walitolewa na Zacharie. Odile aliingia jikoni, akafungua liboke moja, samaki aliyefungwa katika jani, lililokuwa juu ya makaa, akabonyeza nyama; haikurudi. Akatoka mpaka mbele ya watu wote.

"Musikule!"

Zacharie hakuinuka hata kidogo. "Mama amechoka," akasema polepole. "Pasta, bariki chakula, tafazali."

Pasta Gédéon alichukua liboke, akalinusa. Akalifunga tena taratibu, akalisogeza mbele ya shemasi.

"Anza wewe, papa."

Zacharie hakuligusa. Kila mtu aliona. Aliinuka, akanyoosha koti lake, akaondoka.

Kabla ya Jumapili vijana wake walikuja na ngazi, wakang'oa mabati yote. Sasa kanisa linasali juani, mvua ikija linatawanyika, na wengi wamehamia kwingine. Waliobaki wananunua samaki wa migono. Ramla ameacha mihogo, anauza pamoja na Odile na Chimène.

Lakini kila asubuhi wanaume wawili husimamisha pikipiki ng'ambo ya meza yao. Hawanunui kitu. Juzi mmoja alisogea, akainama kwa adabu.

"Mama Odile, binti yako Benie anasomaka shule gani?"

Odile alimfungia mteja samaki katika jani, akampa, akamshukuru. Kesho yake Benie alipandishwa gari la Bengamisa, kwa shangazi yake, akilia kwamba hajaaga wenzake. Gari lilipotokomea, Odile alijitwika beseni lake, akaenda sokoni.