Jina la Upande wa Mama

Fundi Makochi alikuwa na mazoea ya kuongea na misumari mdomoni. Aliibana midomoni, akachomoa mmoja, akagonga, na hapohapo akaendelea kusimulia na kutania. Waliomzoea walimwelewa vizuri. Wageni walidhani ana kigugumizi. Banda lake lilikuwa mwisho wa mtaa, limejaa makochi yaliyovuliwa nguo, spring zimechomoza, sponji zimerundikwa hadi juu, na harufu ya gundi ilikuwa imemganda hata kwenye nywele.

Fundi alimwoa mkewe akiwa mwenyewe ni mtu mzima tayari. Mwanamke huyo aliuza vitambaa kwenye duka ambalo fundi alinunua vyake. Alikuwa mrefu, mpole, ametoka mbali, na lugha yake hakuna mtu pale mtaani aliyeijua. Kiswahili alikipata ukubwani, akakisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mwanzoni walichekeshana sana kwa habari ya majina. Kwa kina fundi, jina ni la kurithi: mtoto anapewa la bibi au la babu, basi, maana yake haiulizwi. Mama yake fundi alikuwa na jina lenye maana ya subira, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa na papara kama yeye. Uji ukichelewa kidogo aliunywa haujaiva. Kwa kina mke, jina ni habari. Mtoto huitwa kwa lile lililokuwa likitokea nyumbani siku zile. Kaka yake mkubwa jina lake lilimaanisha "Mvua imetukuta nje". Dada yake, "Majirani wamenuna". Yeye mwenyewe alikuwa "Njiani", kwa kuwa mama yake alishikwa na uchungu akiwa safarini.

"Kumbe ninyi mkiitana," fundi akamwambia, "mnasomeana gazeti."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye kicheko kilipungua. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili ilifika miezi yake, mtoto akazaliwa kimya. Ya tatu ikaenda kama ya kwanza. Dada yake fundi, mkubwa wake, mwanamke ambaye akiomba maji unadhani anatoa amri, alikuja bandani akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. Akasema bila kuzunguka:

"Mdogo wangu, umri haukusubiri. Huyu mrudishe kwao, utafute mwingine."

Fundi alitema misumari kiganjani, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Dada, mimi nimeoa mke. Sikununua shamba."

Dada akaondoka amevimba. Fundi hakulitaja tena jambo hilo, wala hakumwambia mkewe.

Kisha binti akazaliwa, akalia kwa nguvu kiasi kwamba mkunga alicheka. Fundi alimpa jina la marehemu mama yake bila kumwuliza mtu. Na kwa kuwa jina la mzazi halitajwi ovyo, akawa anamwita "mama" tu. "Mama, njoo ule." "Mama, nani kakukata nywele hivyo?"

Mke naye alikuwa na lake. Lilikuwa refu, la kwao, na katikati lilikuwa na sauti inayotoka kooni, kama mtu aliyetaka kukohoa akaghairi. Alilitaja palepale kitandani, mtoto kifuani, kisha akamtazama mumewe kama mtu aliyempa mwenzake zawadi na anangoja aifungue.

Fundi akajaribu. Akakohoa kweli. Akacheka.

"Haa! Hilo ni jina au ni mfupa wa samaki? Maana yake nini?"

"Hakuondoka," mke akasema.

"Ahaa. Wenzake waliondoka, huyu kabaki. Vizuri. Lakini ulimi wangu hauliwezi hilo, mke wangu. Liite wewe."

Mke akafungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, kisha akamfunika mtoto vizuri.

Basi mtoto akakua na majina mawili, akaitika yote. Kwa baba alikuwa mama: mtoto wa bandani, anayechezea vipande vya vitambaa na kumwambia mteja mzima, "Kochi lako lina harufu ya paka." Kwa mama alikuwa yule mwingine. Asubuhi fundi alipokuwa akivaa viatu aliwasikia jikoni wakiongea ile lugha yao, wakicheka, na yeye akapaza sauti, "Najua mnanisema!" Wao wakacheka zaidi. Hakuingia kuuliza walichokuwa wakichekea. Alikuwa na kazi, na kesho ipo.

Binti alikuwa ameshaanza kung'oka meno ya utotoni alipougua. Ugonjwa ulianza kama mafua. Siku ya pili homa ilipanda, wakamkimbiza hospitali, na pale wodini fundi alishika mguu wa mtoto akawa anaita, "Mama! Mama!" hata wauguzi wakadhani anamlilia mzazi wake. Upande wa pili mkewe aliinama sikioni kwa mtoto akiita lile jina lingine, kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Mtoto alikufa kabla ya jua kuzama, akiitwa mara mbili.

Dada mkubwa ndiye aliyesimamia mazishi. Wazazi hawakuwa na nguvu hata ya kukunja mkeka. Kaburini uliwekwa ubao wenye jina la bibi, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Mke aliutazama.

"Na lile lingine?" akauliza.

"Ubao ni mdogo, wifi," dada akajibu.

Fundi alisikia. Alikuwa amesimama karibu kabisa. Akageukia upande mwingine.

Watu husema msiba hupatanisha. Huu uliwatenganisha wawili hawa kwa ukuta. Fundi akisema "mama" machozi yalimshika, na mkewe alikaa tu, kana kwamba anasikia habari za mtoto wa jirani. Mke naye akiosha vyombo alilitamka lile jina peke yake jikoni, na kila alipolitamka fundi alichukua kofia akatoka.

Mwishowe mchana mmoja hakutoka.

"Acha!" akapiga kelele. "Acha kuliita hilo jina! Hakuondoka, hakuondoka! Mbona ameondoka? Jina gani hilo la uongo?"

Mkewe aliweka sufuria chini. Akajifuta mikono kwa kanga, taratibu.

"Si yeye," akasema. "Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye hukuondoka. Siku ile dada yako alipokuja bandani nilikuwa nimekuletea chakula. Nilisimama nyuma ya mbao, nikasikia yote. Kwetu jina ni habari ya nyumba. Habari ya nyumba yetu ilikuwa hiyo: mume aliambiwa amwache mke, hakuondoka. Nilitaka mtoto atembee nayo, kila amwitaye akusifu."

Fundi alitafuta kiti kwa mkono, bila kukiangalia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ni mfupa wa samaki."

Fundi akachukua kofia, akarudi bandani. Kwa siku nyingi wateja walimkuta amekaa bila msumari mdomoni, akinong'ona na kukohoakohoa, wakasema maskini, msiba umempanda kichwani. Alikuwa anajifunza jina la mwanawe. Aliranda ubao mpya, mpana, wa mbao ngumu ya kutengenezea fremu, akampelekea mkewe pamoja na brashi, aandike yote mawili.

"Kwanza litamke," mke akasema. "Siandiki kitu usichoweza kukisoma."

Akatamka. Mke akatikisa kichwa. Fundi akarudia, akakwama palepale kooni. Ilikuwa ni kazi ya jioni nyingi, na siku alipolipata sawasawa mkewe hakushangilia. Alifunika uso kwa kanga, akalia kuliko alivyolia kaburini, kisha akachukua brashi.

Hawakupata mtoto mwingine. Walikaa pamoja, wakaongea zaidi kuliko zamani, na fundi aliliita lile jina kila siku, hata pasipokuwa na sababu. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkereketa, na siku walipokuwa wakikunja nguo za binti ili wazigawe, akalitoa.

"Ukimwita kwa jina hilo, alikuwa anaitikaje?"

Mke akaitika kama mtoto: neno fupi, sauti imepanda mwishoni. Fundi akalitambua. Alikuwa amelisikia kila asubuhi kutoka jikoni, akifunga kamba za viatu, akadhani ni mkewe anayesema.

"Mimi hajawahi kuniitikia hivyo," akasema.

"Hapana," mkewe akajibu. "Hukumwita."

Hakulisema kwa ubaya. Akampa upande wa pili wa shuka, wakaikunja. Kikapu kilipojaa fundi alikibeba mwenyewe hadi kwa jirani mwenye mabinti, akakiacha mlangoni, akarudi kumsaidia mkewe kufagia chumba.