Miezi Aliyofichwa Daktari Aleixo

Kama ulitaka kumuudhi Daktari Aleixo Furtado, ungemwambia tu kwamba sasa Toronto ndiyo nyumbani. Hakuwa mtu wa kugombana. Angekutazama kama uliyempa chai isiyo na sukari, kisha angebadili mazungumzo. Alikuwa na miaka ishirini mjini pale, ana nyumba Don Mills, ana jina lake kwenye mlango wa ofisi hospitalini, na bado kila alipoulizwa anatoka wapi alijibu kama mtu aliyefika juzi.

Alizaliwa Mwanza, Mgoa, yaani mwenye asili ya Goa kule Uhindi, mtoto wa karani wa reli. Akasomea udaktari Kampala, akarudi Mwanza, akafanya kazi wodi ya wazazi miaka minne. Halafu mwaka 1976, kwa mambo ya ndugu na vibali na hofu, mambo ambayo hata mwenyewe hakuweza kuyaeleza yakaeleweka, akaondoka na mkewe Marina. Aliaga kwamba anakwenda kusoma kidogo. Kidogo hicho kikala maisha yake yote: watoto njiti, mapafu ya watoto njiti, kwa nini huyu anazaliwa kabla ya wakati na yule anangoja siku yake. Aliandika makala hadi rafu ikajaa. Na kila alipomaliza moja, badala ya kufurahi, aliiwaza wodi ile ya Mwanza, madirisha wazi, kina mama wakitaniana kitanda kwa kitanda, uji ukipitishwa kwenye ndoo. Alitamani kuwa pale, alitamani vibaya sana, na hakumwambia mtu isipokuwa Marina, ambaye alikuwa anajua tayari.

Basi mwishoni mwa mwaka 1996 bahati ikamgeukia, au ndivyo alivyodhani. Wakimbizi kutoka mashariki ya Zaire na Burundi walikuwa wakipanga vyumba huko Weston, mtaa wa Toronto, kwenye maghorofa ya zamani kando ya mto Humber. Wanawake wengi walifika na mimba kubwa, hawana kadi ya kliniki, hawajawahi kupigwa picha ya tumbo. Na mimba ikishakuwa kubwa, picha haikuambii umri wake kwa uhakika; inabidi umuulize mama mwenyewe mara ya mwisho aliona siku zake lini. Aleixo akajitolea kuwauliza yeye, kwa utafiti wake, kwa Kiswahili, kila Jumanne na Ijumaa, katika kliniki ndogo ya mtaa ule.

Palikuwa pia na fomu za nesi Lucille, Mkanada wa kuongea Kifaransa, aliyewauliza swali hilohilo kwa Kifaransa siku ya kuandikishwa. Tarehe zake na za daktari hazikupatana. Aleixo wala hakujisumbua nazo. "Kwa Kifaransa wanajibu ili waondoke," alimwambia Lucille, kwa ule upole wa mtu anayejiona anajua. "Kwa Kiswahili wanazungumza." Lucille akapandisha mabega, akazitia fomu zake kwenye boksi.

Na kweli walizungumza. Jamani, mtu yule alikuwa na njaa! Aliendesha gari kwenye theluji ambayo wenzake waliiogopa, ili tu aulizwe, "Dokta, umeamka namna gani?" Mama mmoja alimchukua saa nzima. Ataanza na habari za safari, aje kwenye habari za mama mzazi, wapite bei ya mihogo iliyogandishwa, wacheke, ndipo afike kwenye mimba, kama mgeni anayevua viatu taratibu mlangoni. Alirudi Don Mills jioni na sauti imemkauka na uso umekunjuka.

Kisha ajabu ikaanza kujitokeza kwenye daftari lake. Kwa tarehe alizoandika, watoto wa kina mama hawa walizaliwa wiki ya thelathini na nne, ya thelathini na tano, na hawakuwa njiti hata kidogo. Kilo tatu na ushee. Wanalia mpaka korido inasikia. Nyayo za mtoto njiti huwa laini, hazina mikunjo. Za hawa zilikuwa zimejaa mikunjo hadi kisigino. Aleixo akaamini kwamba watoto wa kwetu hukomaa mapema tumboni. Kamati ya utafiti ya hospitali nayo ikachangamka. Ikiyakubali matokeo mwezi wa nne, hatua ya pili itafanyika Mwanza, miaka mitatu, na msimamizi ni yeye.

Mwanza, miaka mitatu! Akamwambia Marina asinunue viatu vipya vya theluji, kwani baridi ijayo haitawakuta. Marina akavaa vya zamani vinavyoingiza maji, akakohoa hadi mwezi wa tatu na asiseme neno, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu waje alimsikia mumewe akipiga mluzi huku akinyoa ndevu.

Mama wa arobaini na moja kwenye daftari alikuwa Dative, mwanamke wa Uvira, mcheshi, asiyeweza kukaa kimya dakika mbili. Mwezi wa kwanza Aleixo alipomuuliza, alishika tumbo, akatazama dari kama anayehesabu, akasema, "Sita, Dokta. Miezi sita." Katikati ya mwezi wa tatu akajifungua. Aleixo akapiga hesabu: wiki thelathini na tano. Akaenda wodini asubuhi, karibu akimbie.

Mtoto alikuwa wa kiume, Divin, kilo tatu na nusu. Aleixo akafunua shuka, akashika mguu. Mikunjo tele. Kucha zimepita ncha za vidole. Ngozi ya nyayo ilikuwa inababuka, kama ya mtoto aliyepitisha siku zake, na hilo Aleixo aliliona, akalipita haraka, kama unavyompita mtu anayekudai ili asikusimamishe. Pembeni ya kitanda alikaa Ariane, wifi yake Dative, aliyekuja na chupa ya uji.

"Huyu alitutesa," Ariane akasema, akimimina. "Tumengoja wee. Miezi tisa ikaisha, ikaingia wiki nyingine juu, tukaanza kumwombea kanisani."

"Miezi tisa?" Aleixo akauliza.

"Na siku zake za ziada."

Dative akamkata Ariane jicho. Ariane akashughulika na kifuniko cha chupa. Aleixo aliendelea kuushika mguu wa mtoto, na moyoni alijua kila kitu kabla hajakubali kukijua.

Akaenda Weston mchana uleule, akaomba boksi la Lucille. Alipanga fomu mezani moja moja pembeni ya daftari lake. Kwa Lucille, Dative alikuwa amejifungua wiki ya arobaini na moja. Kwa mama thelathini na watatu kati ya arobaini na mmoja, tarehe ya Kifaransa ilitangulia ya Kiswahili kwa wiki nne, tano, hata sita. Ukitumia za Lucille, hapakuwa na ajabu yoyote. Watoto wa Uvira na Bujumbura walizaliwa wakati uleule wanaozaliwa watoto wa watu wengine wote.

Marina aliposikia aliweka sahani chini. "Wewe umekulia Mwanza," alimwambia. "Mama yako alimtajia nani miezi yake? Sisi kwetu mtoto tulimsikia akilia ndipo tukajua alikuwa njiani. Umesoma sana, Aleixo." Hakuwa anamcheka. Alikuwa amekwisha kulizoea wazo la kurudi, na sauti yake ilionyesha.

Mkuu wake, profesa mpole aliyekaribia kustaafu, alimpa njia. Tarehe za mdomo zina kasoro siku zote, alisema. Aandike hivyo kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, kamati iamue yenyewe. Wala haikuwa hila, watu huandika mistari ya namna hiyo kila siku. Boksi lile hakuna ambaye angelifungua. Aleixo alikaa na mstari huo siku mbili. Mimi ningekuwa yeye, sijui. Miaka ishirini si mchezo, na Mwanza ilikuwa imeshafika mlangoni.

Kilichomshinda ni watoto wa kweli wa wiki thelathini na tano. Alikuwa amewashika kwa mikono yake katika wodi ile anayoitamani, mbavu zikizama kila wanapovuta hewa, mama yuko pembeni anahesabu. Daktari akisoma kwamba watoto wa kwetu hukomaa mapema, siku moja atamzalisha mama mapema bila wasiwasi, na mtoto atakufa kwa sababu ya daftari la Aleixo. Ijumaa asubuhi akaandika barua ya kuyaondoa matokeo yote, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta, akaenda kazini. Alijisikia kama aliyefiwa.

Dative alikuja siku hiyo kumpima Divin uzito. Aleixo akangoja mpaka wabaki wao tu.

"Mama Divin, sina hasira, nataka kujua tu. Lucille ulimwambia kweli, mimi ukanidanganya. Wenzako pia. Niliwakosea nini?"

Dative akamtazama kwa mshangao wa kweli. Ikabidi amweke mtoto begani ndipo ajibu.

"Hukutukosea kitu, Dokta. Lucille ni mtu wa kupita. Anaandika, anasahau. Akiijua siku yangu ataifanyia nini? Mimba unamficha mtu wa kwenu, maana jicho baya hutoka karibu. Mama mkwe nilimficha. Dada yangu tumbo moja nilimficha, mpaka alipoona mwenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe unakuja na Kiswahili chako, unaniuliza mama yangu anaumwa nini, tunacheka. Ningekutajia namna gani? Wewe si ni wa kwetu?"

Alilisema kama jambo ambalo halina haja ya kusemwa. Mwanza mitaani Aleixo alikuwa Mgoa, Kampala alikuwa Mgoa, na Toronto hawakujua wamwite nani. Katika miaka arobaini na minane hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, na alikuwa amelitamani kuliko hata Mwanza yenyewe. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu.

"Sasa Jumanne anakuja mama mwingine," alisema baadaye. "Yeye nimuulize vipi?"

"Usimuulize wewe. Mwachie Lucille."

Jumanne mama huyo akaja, mgeni kutoka Bukavu, na mimba yake kubwa. Aleixo akamkaribisha, wakaulizana habari za safari, za mama mzazi, za baridi. Halafu akamwita Lucille, akatoka nje, akafunga mlango, akasimama koridoni mpaka swali lilipokwisha kujibiwa.